Mbio, Chungu na Saa za Mfanyakazi

Na mwanachama wetu, Nakivale, Wilaya ya Isingiro



Katika kurasa hizi tumezoea kusoma habari za mishahara, mikataba na mikutano ya matawi. Safari hii naomba niandike juu ya mambo ambayo huenda wengine wakaona hayakihusu chama: kukimbia, kupika chakula cha msimu, na namna ya kuyapatia nafasi mambo hayo mawili katika siku iliyokwisha kujaa kazi. Natumaini tukifika mwisho tutakubaliana kwamba mambo hayo ni ya chama kabisa. Yote yanahusu saa, na saa ndiyo bidhaa anayoiuza mfanyakazi kila siku ya maisha yake.

Kwa wale wasiopafahamu, makazi ya wakimbizi ya Nakivale yamo katika Wilaya ya Isingiro, kusini-magharibi ya Uganda, si mbali na mpaka wa Tanzania. Kutoka kwetu hadi Mbarara ni safari ya kilometa 50 na zaidi. Makazi haya yalianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kuwapokea Wanyarwanda waliokimbia machafuko ya kwao, na ni miongoni mwa makazi ya zamani kabisa ya wakimbizi barani Afrika. Leo wamo Wakongomani, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali, Waethiopia, Waeritrea na wengineo. Tuna walimu, wakalimani, wahudumu wa afya, mafundi cherehani, waendesha pikipiki, wavuvi wa ziwani na wakulima. Kiswahili ndicho kinachowakutanisha wengi wetu sokoni na kazini.

HIZO MBIO NANI ANAZILIPA?

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Miaka mitatu iliyopita nilipimwa katika zahanati nikaambiwa presha ya damu imepanda, na kwamba nisipobadili mwenendo nitaishi kwa vidonge. Mganga alinishauri nifanye mazoezi ya mwili, nipunguze chumvi na mafuta, na nile mboga za majani na maharage kwa wingi. Ushauri ulikuwa mzuri, tena hauna gharama kubwa. Nikanunua raba za mitumba, nikaanza kukimbia alfajiri siku 5 kwa wiki katika barabara ya vumbi inayopita kati ya mashamba.

Kwetu, kwa kuwa tuko karibu na ikweta, jua huchomoza karibu saa 1 asubuhi mwaka mzima. Atakaye kukimbia kabla ya kazi hana budi kuondoka giza likiwapo bado. Nilikuwa nikiamka saa 11 na nusu, na nikirudi nakuta maji ya kuoga yamewekwa, uji uko tayari, na watoto wamekwisha kuvaa sare. Nikajisifu mbele ya walimu wenzangu kwamba mtu akiwa na nia, nafasi ataipata tu.

Baada ya miezi miwili hivi mama watoto aliniuliza swali ambalo sijalisahau. Alisema, "Baba watoto, hizo mbio zako nani anazilipa?"

Nikamjibu kwamba mbio hazilipiwi, barabara ni ya wote. Akatikisa kichwa. "Maji unayooga nimeyabeba mimi kichwani toka bombani. Uji unaoukuta, kuni zake nimezitafuta mimi jana jioni. Wewe waamka saa 11 na nusu ili ukimbie. Mimi naamka saa 11 ili wewe ukimbie."

Sikuwa na jibu. Jioni ile tulichukua daftari la hesabu la mtoto tukaandika saa zetu, zake upande mmoja na zangu upande wa pili. Mama watoto ni mshonaji. Ana cherehani barazani na hushona saa 7 kwa siku. Tukaongeza maji, saa 1 na nusu pamoja na kungoja foleni. Kuni, saa 1. Kupika na kuosha vyombo, saa 3. Watoto na kufua, saa 1 na nusu. Bustani, saa 1. Jumla ikawa saa 15 za kazi. Alikuwa akilala saa 5 usiku na kuamka saa 11 alfajiri, yaani saa 6 tu za usingizi. Saa 3 zilizobaki zilikuwa za kula, kusali, kuuguza na kwenda msibani.

Upande wangu palikuwa na saa 8 na nusu za shule, saa 1 ya kusahihisha madaftari, saa 1 ya mbio, saa 1 ya shamba, na saa 8 za usingizi. Zilibaki saa 4 na nusu, nazo niliziita za mapumziko na redio. Ndipo nilipotambua kwamba ile nafasi niliyojisifia sikuipata kwa nia yangu. Niliichukua katika usingizi wa mtu mwingine.

Kuna jambo jingine lililonifedhehesha zaidi. Shirika la Afya Duniani (WHO), katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kila wiki, au mazoezi ya nguvu kwa dakika 75 hadi 150. Mwongozo huo unahesabu pia kazi za mwili za nyumbani na shambani. Jerikeni moja la maji la lita 20 lina uzito wa kilo 20. Kwa hesabu hiyo mama watoto alikuwa ametimiza mazoezi ya wiki nzima kabla ya Jumatano. Kilichomtoka ni usingizi. Na mimi kwa dakika zangu 75 nilihitaji asubuhi 3 tu za dakika 25, wala si 5.

SAA NANE ZILIPIGANIWA

Wafanyakazi wenzangu, hesabu ya namna hii si mpya katika historia yetu. Tarehe 1 Mei 1886 wafanyakazi wa Chicago na miji mingine ya Marekani waligoma wakidai siku ya kazi iwe ya saa 8, ndiyo maana hadi leo tunaadhimisha Mei Mosi. Mwaka 1919 mkataba wa kwanza kabisa wa Shirika la Kazi Duniani (ILO) ulihusu jambo hilo hilo: saa 8 kwa siku na saa 48 kwa wiki viwandani. Waliopigania saa hizo walitaka mtu abaki na muda wa kulala, na muda mwingine uwe wake mwenyewe na wa jamaa yake.

Hapa Uganda, Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 imeweka saa 48 kuwa kipimo cha juu cha kawaida cha wiki ya kazi. Sheria hiyo yataka mfanyakazi apate pumziko la saa 24 mfululizo baada ya siku 6 za kazi, na saa za ziada zilipwe mara moja na nusu. Hata kwa kazi za zamu, wastani wa wiki 3 haupaswi kuzidi saa 56 kwa wiki. Aidha Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inampa mkimbizi aliyetambuliwa haki ya kufanya kazi ya kipato na haki ya kujiunga na chama cha wafanyakazi. Wengi wetu hatuijui haki hiyo ya pili. Twadhani chama ni cha wenyeji.

Sasa tazama hali ilivyo. Nikienda Mbarara kwa mikutano, alfajiri nawaona watu wakikimbia barabarani wamevaa viatu vizuri, na getini namwona mlinzi aliyesimama tangu jana jioni. Mlinzi anayefanya kazi saa 12 kwa siku 6 anatimiza saa 72 kwa wiki. Ukimwambia mtu huyo akimbie na apike mboga mbichi kwa ajili ya afya yake, unamfanyia mzaha. Atakula chapati na chai ya rangi barabarani, alale akiwa na viatu miguuni. Wa kuulizwa kwanza kwa nini mlinzi yule hafanyi mazoezi ni mwajiri aliyempangia saa 72.

HATA MABINGWA WALIPEWA SAA

Vijana wetu wanawapenda mabingwa wa mbio, na ni haki yao. Lakini yafaa wajue mabingwa wale walikuwa nani. John Akii-Bua, aliyeshinda mita 400 za kuruka viunzi katika Olimpiki ya Munich tarehe 2 Septemba 1972 kwa sekunde 47.82, rekodi ya dunia wakati ule, alikuwa askari polisi wa Uganda. Stephen Kiprotich, aliyeshinda mbio za marathoni mjini London mwaka 2012, alikuwa mtumishi wa Magereza. Joshua Cheptegei, aliyeshinda mita 10,000 mjini Paris mwaka 2024, ni wa Polisi. Kipchoge Keino wa Kenya naye alikuwa polisi. Wote walikuwa na mwajiri, na mwajiri huyo aliwapa saa za kufanya mazoezi huku mshahara ukiendelea.

Kisa cha Akii-Bua kinatugusa sisi wa Nakivale kwa sababu nyingine pia. Utawala wa Idi Amin ulipoanguka mwaka 1979 alikimbilia Kenya pamoja na familia yake, akajikuta katika kambi ya wakimbizi, yeye mwenye medali ya dhahabu. Alitolewa huko kwa msaada wa kampuni ya viatu vya michezo, Puma, akaenda kuishi na kufanya kazi Ujerumani ya Magharibi. Na mwaka 2016, katika Olimpiki ya Rio, kwa mara ya kwanza ilikuwapo timu ya wakimbizi yenye wanamichezo 10. Wakimbiaji 5 kati yao walikuwa wa Sudan Kusini waliolelewa katika kambi ya Kakuma, wakafundishwa Ngong na kituo cha Tegla Loroupe. Wawili wengine walikuwa Wakongomani wa mchezo wa judo waliopata hifadhi Brazil. Vijana wale wa Kakuma walikuwa na miguu ile ile kabla ya kufika Ngong. Huko walipata mwalimu, chakula cha uhakika, na muda.

KULA KWA KUFUATA MSIMU

Sasa niingie jikoni, kwa sababu miguu haikimbii bila tumbo.

Katika Uganda ugali wa mahindi twauita posho. Msemaji wa Kiswahili atokaye pwani hucheka, maana kwake posho ni malipo madogo ya matumizi. Lakini maneno hayo ni ndugu. Posho ilikuwa mgao wa chakula aliopewa mpagazi na kibarua, na kwa kuwa mgao huo ulikuwa unga wa mahindi, unga ukachukua jina. Hadi leo, hapa makazini, wapo wafanyakazi wanaolipwa posho badala ya mshahara, na posho hiyo yote huishia katika posho.

Mgao nao si wa kutegemea tena. Mwezi Aprili 2020 Shirika la Chakula Duniani (WFP) lilipunguza mgao wa wakimbizi wa Uganda kwa asilimia 30, na mwezi Februari 2021 kwa asilimia 40. Mwaka 2023 likaanza kuzigawa kaya kwa makundi kulingana na uhitaji, na baadhi ya kaya zikaondolewa kabisa. Kwa hiyo shamba na bustani ndivyo vimekuwa tegemeo letu, ingawa vipande vya ardhi tunavyogawiwa vimekuwa vikipungua kadiri watu wanavyoongezeka. Basi kupika chakula cha msimu ni ulazima kwetu. Lililobaki ni kukipika kwa akili.

Isingiro ina misimu miwili ya mvua: Machi hadi Mei, na Septemba hadi Desemba. Kalenda ya jikoni kwetu ni kama ifuatavyo.

Januari na Februari: Maharage mapya yamevunwa na mahindi yanaingia. Huu ndio wakati wa kununua na kuweka akiba, kwa kuwa bei iko chini. Maharage na mahindi vikiliwa pamoja hukamilishana katika kujenga mwili. Hayo ndiyo mlo wa mwanariadha asiye na nyama.

Machi hadi Mei: Mboga za majani zajaa. Mchicha wa Watanzania ndio dodo ya Waganda na lengalenga ya Wakongomani. Kila mtu auite apendavyo, ilimradi aule. Pana majani ya maharage na majani ya maboga. Sombe, ambayo wengine huita kisamvu, yatwangwe na kuchemshwa sana, kwa kuwa majani ya muhogo yana sumu yakiwa mabichi. Malisho yakiota, maziwa huongezeka na kushuka bei. Mbarara ni nchi ya ng'ombe na maziwa. Lakini tahadhari: wakati huo huo ghala linapungua. Mwezi Aprili nyumba nyingi zina mboga tele na unga haba.

Juni hadi Agosti: Twavuna maharage, kisha mahindi. Jua ni kali, na ndilo la kukaushia. Mahindi na karanga zianikwe juu ya turubai, si juu ya udongo mtupu, na zisiingizwe ghalani zikiwa na unyevu. Ukungu wa nafaka hutoa sumu: mwaka 2004 watu zaidi ya 100 walikufa mashariki ya Kenya kwa kula mahindi yaliyooza kwa ukungu. Viazi vitamu na muhogo hutuvusha kiangazi. Viazi vyenye rangi ya machungwa ndani ni bora kwa watoto, kwa kuwa vina vitamini A.

Septemba hadi Desemba: Twapanda tena, na mboga zarudi. Mwezi Novemba huja senene. Wale wa Masaka na wa Bukoba hawahitaji kuhubiriwa. Kwa wengine nasema: senene ni nyama iliyoletwa na upepo.

Matoke hupatikana mwaka mzima, kwani Isingiro ni wilaya ya migomba, lakini kiangazi mikungu hupungua na bei hupanda. Samaki wa ziwa na dagaa, ambao wenyeji huwaita mukene, huongeza nguvu katika chungu cha mboga.

SAA ZILIZOOKOLEWA JIKONI

Katika zile saa 15 za mama watoto, saa 4 zilikuwa za kuni na jiko. Huko ndiko tulikoanza kupunguza.

Maharage sasa hulowekwa usiku, na asubuhi maji yale humwagwa. Yaliyolowekwa huiva upesi zaidi na kula kuni chache. Hupikwa mara 2 tu kwa wiki katika sufuria kubwa, kwenye jiko la udongo linalookoa kuni. Yakishachemka vizuri kwa nusu saa, sufuria hufunikwa na kutiwa katika kapu lililojazwa majani makavu ya migomba na blanketi kuukuu, nayo huendelea kuiva yenyewe bila moto. Kila anapokula mtu, sehemu yake hupashwa moto hadi ichemke tena. Mboga hukatwa na kupikwa dakika chache kabla ya kula, ili zisipoteze nguvu yake. Chai hatunywi tena pamoja na chakula. Twaiacha hadi saa 1 baadaye, kwa sababu huzuia madini ya chuma yaliyomo katika maharage na mboga yasiingie mwilini. Limau likipatikana hukamuliwa juu ya mboga, nalo hufanya kinyume cha chai.

Saa nyingine tulizipata kwa kugawana. Jumanne, Alhamisi na Jumamosi nakimbia dakika 25. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa naamka saa ile ile, lakini naenda bombani na baiskeli na majerikeni mawili, kisha nakoroga uji. Mtoto wetu mkubwa, ambaye ni mvulana, anaosha vyombo kila jioni. Mwanzoni majirani walicheka. Mzee mmoja aliniuliza kama mama watoto ni mgonjwa. Nikamjibu kwamba hajambo, na kwamba nataka aendelee kuwa hajambo.

Nilidhani naye, akishapata nafasi, atataka kukimbia. Nikamwambia kwamba wako akina mama wanaokimbia kwa kikundi, na kwamba si vema mwanamke kukimbia peke yake gizani. Akaniangalia, akasema, "Mimi sitaki kukimbia. Nataka kulala." Na ndivyo alivyofanya. Mwaka mzima wa kwanza saa yake aliitumia kulala. Nilijifunza kwamba saa ikiwa ni ya mtu, ni yeye anayeamua itumike kwa nini.

MIPAKA YA MWILI

Wapo wanaosema mazoezi hayasubiri msimu. Kwa sisi tunaolima, yanasubiri. Mwezi Machi na mwezi Septemba, wakati wa kupanda, nakimbia mara 1 tu kwa wiki. Siku nyingine jembe latosha. Kiangazi vumbi ni jingi, hivyo nakimbia mapema kabla ya magari. Mvua zikinyesha barabara huteleza, na mtu aliyevunjika mguu hana wa kumlimia.

Jambo kubwa zaidi ni njaa. Mgao ulipokatwa, palikuwa na majuma ambayo tulikula mara 1 kwa siku ili watoto wale mara 2. Majuma hayo sikukimbia, na sioni haya kusema. Mwili unaokula mara 1 hauongezewi kilometa. Kadhalika mwenye homa asikimbie. Apimwe malaria kwanza. Anayetumia dawa za presha au za kisukari aongee na mganga wake kabla ya kuanza. Asiye na viatu aanze kwa kutembea haraka. Kutembea ni mazoezi halali.

Presha yangu imeshuka, ingawa sijaacha dawa kabisa. Siwezi kusema ni mbio, au ni chumvi tuliyoipunguza, au ni kwa sababu nyumbani hapana tena mtu mwenye uchungu moyoni. Huenda ni yote matatu.

YATUPASA KUFANYA NINI?

Wazee wetu waliokuwa Tanzania wanakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, na ya Chakula ni Uhai ya mwaka 1975. Watu walikusanyika kwa vikundi kando ya redio, wakasikiliza, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kupanda mboga. Hawakungoja kila mtu apate nia peke yake nyumbani kwake. Walifanya pamoja, na kazi ikawa nyepesi.

Napendekeza matawi yetu yaige mfano huo. Kila tawi liunde kikundi cha afya cha watu 10 au 15, wanawake na wanaume, wakimbizi na wenyeji pamoja. Wakimbie au watembee pamoja mara 3 kwa wiki. Wanunue maharage na mahindi kwa pamoja wakati wa mavuno, wayahifadhi vizuri, wagawane mwezi Aprili. Na kila mwanachama mwanamume afanye hesabu niliyoifanya mimi: achukue daftari, akae na mwenzake, waandike saa za kila mmoja. Asiogope jibu.

Lakini kikundi cha mbio hakitamfaa mlinzi wa saa 72. Kwa hiyo katika mkutano ujao wa tawi naomba mambo mawili yaingizwe katika ajenda. La kwanza, viongozi wakusanye saa halisi za kazi za kila mwanachama, kwa maandishi, tuzilinganishe na sheria ya saa 48 kabla ya kwenda kuonana na waajiri. La pili, waalikwe wale wanaolipwa posho hapa Nakivale, waelezwe kwamba sheria inawaruhusu kuwa wanachama kamili.

Daftari letu la saa liko hapa nyumbani, na kila mwanzo wa msimu tunaliandika upya. Mwezi uliopita upande wa mama watoto ulionyesha saa 7 na nusu za usingizi. Bado hazijafika 8.

Umoja ni nguvu.